Ncha ya Pili ya Uzi

Fatouma binti Alfani hakuwa na kiti. Hakuwa na viatu vya kazi, ingawa hivyo hakuvihitaji, kwa kuwa alikofanya kazi mtu aliingia miguu mitupu. Hakuwa na kile kipande cha shaba chenye namba, ambacho kila mfanyakazi wa karakana alikichukua langoni asubuhi na kukirudisha jioni, na ambacho watu walikiita jeton. Hakuwa na mahali pa kulia chakula, maana wanaume walikula chini, kwenye kivuli cha boti, na wanawake waliouza chikwange, ile mikate ya muhogo, walikaa nje ya ukuta. Hakuwa na cheti. Hakuwa na mume tena, wala mtoto, wala baba. Na kuliko hayo yote, hakuwa na mtu wa kumshikia ncha ya pili ya uzi.

Tuanze hapo kwenye uzi, maana ndipo mambo yote yalipofungwa.

Karakana ile ilikuwa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya bandari ya Kisangani, mji ambao siku zile kwenye karatasi zote uliitwa Stanleyville. Ilijenga matishali, zile boti pana za mizigo zisizo na injini, zinazosukumwa na meli. Mchoro wa tishali ulifika kutoka Léopoldville ukiwa mdogo, unaenea juu ya meza. Lakini fundi hawezi kukata bamba la chuma kwa kutazama picha ndogo. Lazima kwanza boti ichorwe nzima, kwa ukubwa wake wenyewe, juu ya sakafu ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, kwenye orofa ndefu iliyokuwa juu ya karakana. Kisha vinakatwa vielelezo vya mbao nyembamba kufuata mistari ile, na vielelezo vinashushwa kwa wakata chuma.

Mistari ilipigwa kwa uzi uliopakwa chaki. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, uzi unavutwa mpaka unakaza, kisha mmoja anauinua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari mweupe unabaki sakafuni, umenyooka kama sala ya mtu mkweli. Na kazi ile ilikuwa na desturi yake: anayepiga uzi ndiye bwana wa sakafu, anayeshika ncha ya pili ni mwanafunzi wake. Mafundi walimwita mshika mkia.

Fatouma hakuwa na mshika mkia. Alikuwa na msumari. Aliupigilia mbali, akafunga uzi, akarudi upande wake, akavuta, akapiga. Kisha akatembea tena hadi kule, akaung'oa, akaupigilia pengine. Msumari haukuchoka wala haukunung'unika. Wala haukumuuliza mtu ameamkaje.

Alifikaje huko? Miaka ile mji mzima ulikuwa ukijengwa. Saruji ilikuwepo, chuma kilikuwepo, mitambo ilishushwa bandarini kila juma; waliokosekana ni watu wa kuijua kazi. Shule za ufundi zilikuwa chache, na zilikuwa za wavulana. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Kijana akishajua kusoma mchoro, makampuni yalimgombea kama mama wakwe wanavyogombea mjukuu. Ndivyo alivyoondoka Hilaire, mchoraji wa karakana. Léopoldville walimwahidi nyumba ya matofali, naye akapanda meli bila kugeuka nyuma.

Siku hizo kapita wa karakana, yaani msimamizi wa wafanyakazi, Papa Alexis, mtu wa mto kutoka Isangi, alikwenda kushonesha koti kwa Mzee Alfani, fundi cherehani wa mtaa wa Waungwana, aliyehamia kutoka Kasongo kule Maniema. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, na aliyekata nguo sasa alikuwa binti yake. Fatouma alimpima kapita kwa uzi wenye mafundo, akatandika kitambaa, akachora kwa chaki mgongo, mabega na mikono bila kielelezo chochote, akakata. Kapita akasimama pale, koti la zamani mkononi.

"Na kama mwili iko ya chuma," akasema mwishowe, "utaweza kuikatia nguo?"

"Chuma inapumua?" Fatouma akauliza.

"Hapana. Haipumue."

"Basi iko rahisi kukupita weye, Papa."

Mkuu wa karakana, Mbelgiji mchovu aliyeitwa Monsieur Wauters, aliinua mabega tu alipoelezwa. Akasema haya, aje kwa muda, mpaka Léopoldville walete mtu. Mzee Alfani naye akaweka sharti lake: binti yake atakaa juu peke yake, na mwanamume yeyote asipande ngazi ile ila kapita. Lilikuwa sharti la heshima, na mzee alilitoa kwa mapenzi. Lakini heshima ile ikageuka ukuta, na ule muda ukarefuka, na Fatouma akaendelea kuingia langoni kwa neno la kapita, si kwa jeton.

Tishali la kwanza lilimfedhehesha. Binti wa fundi cherehani ameumbwa na pindo: kila anapokata huacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono, maana mtoto hukua na mtu mzima hupata kitambi. Fatouma akaacha kidole kwenye kila bamba. Lakini tishali lile lilikuwa la kuchomelewa, kingo zikutane midomo kwa midomo, si kupandana. Mabamba yaliposimamishwa, yakapandana kama samaki katika kitunga. Karakana nzima ikacheka. Wakauliza kama boti hii itakua, kama italishwa mpaka itoe kitambi. Wakaipa jina la Kanzu, na jina likashika.

Fatouma alishuka ngazi mbele yao wote, chaki mkononi, akaweka alama kwenye kila bamba mahali pa kupunguzwa. Akapanda tena. Monsieur Wauters hakumfukuza, na Fatouma alijua sababu. Alibakizwa kama sufuria yenye tundu inavyobakizwa siku ambayo soko limefungwa. Tishali lililofuata lilikaa barabara, na lililofuata hilo pia, ila kwa hayo hakuna aliyepanda ngazi kumwambia neno.

Mumewe Feruzi alikuwa mfanyabiashara wa njia ya reli, Kisangani na Ubundu, samaki wa chumvi huku na vitambaa kule. Aliposikia mkewe anafanya kazi katika karakana ya wanaume hakugomba. Alituma hamali kumchukulia sanduku lake mwenyewe na mkeka wake wa kuswalia, akaongeza salamu za kuagana. Mvua iliyofuata Mzee Alfani akafariki. Nyumba ikabaki na Fatouma na cherehani iliyofunikwa shuka.

Majirani hawakumtukana. Walimwita Madame Chantier, Bibi Karakana, nusu mzaha nusu kweli, na hodi mlangoni zikapungua. Harusini wanawake walikumbatiana. Yeye walimpa mkono, kama mgeni wa kiume. Alirudi nyumbani akautazama mkono ule, chaki imejaa kwenye mikunjo, akashindwa kuwalaumu.

Ila kulikuwa na alasiri moja.

Kapita alikuwa na binti wa ndugu yake, Georgette, aliyeishi Yangambi, akiwashonea wake za watumishi wa kituo cha kilimo. Siku moja alipanda mto na mtumbwi wa wajomba zake wa Yanonge kumletea kapita, tonton wake, samaki wa kukaushwa. Kapita alikuwa na kifurushi cha kupeleka juu kwa Fatouma, na magoti yake yalikuwa yakimuuma, akamtuma Georgette. Msichana alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa. Akaitazama sakafu, mistari myeupe juu ya weusi, akatembea pembeni taratibu mpaka mwisho.

"Yaya, iko boti," akasema, akimwita kama dada yake mkubwa. "Imelala ndani ya nyumba. Na kichwa yake iko huku, si vile?"

Fatouma hakuwa amewahi kumsikia mtu akiiona. Akamwomba amshikie uzi, kidogo tu. Kidogo kile kikawa alasiri nzima. Georgette alishika, Fatouma akapiga, na baina ya mstari na mstari msichana hakunyamaza: kwaya ya misheni, bibi mmoja wa kituo aliyetaka gauni lenye vifungo mgongoni na hana mtu wa kumfunga, mamba aliyemla mbuzi wa katekista siku ya ubatizo. Fatouma alicheka mpaka uzi ukatikisika ikabidi waupige upya. King'ora kilipolia sehemu yote ya mbele ya boti ilikuwa imekamilika sakafuni, na msumari ulikuwa mfukoni mwake, amekwisha usahau.

Asubuhi yake Georgette akarudi na mtumbwi. Fatouma akautoa msumari mfukoni.

Mwaka wa hamsini na tano alikuja mkaguzi kutoka Léopoldville. Alipanda juu, akavua viatu vyake vyema, akatazama. Aliuona msumari, akainama, akaung'oa kwa vidole viwili. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kwamba kinachong'oka hivi kinaweza kulala upande, na kikilala, mstari nao unalala. Fatouma hakubisha. Mara moja ulikuwa umelala kweli, naye aligundua kwa bahati tu, vielelezo vikiwa karibu kushushwa. Amri ikaachwa: sakafu iwe na watu wawili, la sivyo ifungwe, na vielelezo viletwe tayari kwa meli. Muda uliotolewa ni mpaka mwisho wa mvua.

Sharti la Mzee Alfani lilikuwa limezikwa naye, na kapita akazunguka karakana akiomba mtu. Wengi wakainamia kazi zao. Fundi mmoja wa ribiti, mcheshi wa kikosi, alisema kwa niaba ya wote:

"Papa Kapita, miye nimushikie mwanamuke mukia? Muke yangu akisikia, kesho atanivalisha kitambaa, yeye avae pantalon yangu."

"Pantalon yako imetoboka," kapita akasema. "Atakurudishia."

Wakacheka wote, na hakuna aliyepanda ngazi.

Ndipo akaja René, kijana wa shule ya ufundi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alikubali, ila kwa desturi: yeye apige, Fatouma ashike. Asubuhi ile ile alipewa jeton langoni. Fatouma akashika mkia.

Nisiseme uongo, kijana alijua kazi. Mistari yake ilinyooka. Wala hakuwa na kiburi. Walikula pamoja kule orofani, yeye mkate na dagaa, Fatouma wali wake na sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakigawana. Herufi za Kiarabu Fatouma alizijua tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Hizi za Kizungu alikuwa akizichora tu, kubwa kubwa, kama zilivyo kwenye michoro. René akamfundisha kuzisoma. Naye akamwonyesha René namna ya kuinamisha kichwa na kuutazama mviringo kwa jicho moja, kama mtu anayetazama bega la koti. Orofa ikawa na sauti mbili. Kuna siku Fatouma alijiambia kwamba mkia si mzito kama watu wanavyodhani, na siku nyingine alipouona mfuko wa René ukivutwa na ile shaba, aligeuza uso.

Lakini mtu aliyejua kazi hakai. Kampuni ya madaraja ilimfuata René, naye akaja kumuaga akiwa na aibu usoni. Akamwachia kalamu moja na bahasha chache, akasema amwandikie. Fatouma akamshukuru, akamwombea njia njema. Kesho yake akapigilia msumari. Sasa ulikuwa mbaya kuliko kwanza, kwa sababu alikwisha zoea kuulizwa kitu.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua kapita alipopanda ngazi, akipumua kwa kila kipandio. Aliweka jeton ya René juu ya benchi la vielelezo.

"Yako," akasema. "Monsieur amechoka kutafuta. Amesema hata wanamuke wawili, hata mbuzi wawili, uzi ishikwe tu. Bon. Mbuzi wa kwanza ni weye. Wa pili?"

Fatouma hakuigusa shaba ile.

"Unamujua wa pili," kapita akasema polepole. "Na miye namujua. Lakini nikimwita miye, ndugu yangu atasema nimemuuza mutoto wake kwa Wabelgiji. Weye ukimwita, ni maneno ya wanamuke."

"Huko ana watu, Papa."

"Ana watu. Hapa atakuwa na jeton."

"Hiyo haiongee."

Kapita akaketi kwenye kipandio cha juu, akasugua magoti. Akamshauri aandike vizuri, kwa utamu: mshahara wa kila mwezi, mji, sinema, taa za barabarani. Uchungu atauona mwenyewe akishafika, na akishafika atazoea, maana nani hazoei.

"Mutego hauvalishwe kengele, mama," akasema.

"Sitegi," Fatouma akamjibu.

Kapita akamtazama, akatikisa kichwa, akashuka. Jeton akaiacha pale pale.

Siku nyingi Fatouma alizunguka na jambo lile. Msichana asipokuja, sakafu itafungwa, na yeye atarudi kwenye cherehani chini ya shuka, kwenye mtaa ambao umeshazoea kutokuwepo kwake. Na akija? Akilini alimwona Georgette harusini, akipewa mkono. Alimwona akirudi jioni na chaki nyweleni kwenye chumba cha kupanga, ana hadithi ya mamba kinywani na hana wa kumsimulia. Mtu mwenye kiu, alijiuliza, ana haki gani ya kumwita mwenzake jangwani, ili tu wawe wawili wenye kiu?

Lakini tena aliyakumbuka yale maneno: imelala ndani ya nyumba. Hakuna mtu aliyemfundisha msichana yule kuiona boti. Huko Yangambi angeendelea kuwafunga mabibi vifungo vya mgongoni, na macho yale yangeishia kwenye vifungo. Kumnyima habari pia ni kumfungia mlango, na aliyefungiwa hajui hata kama palikuwa na mlango.

Saa ya chakula, karakana imenyamaza, Fatouma alipiga magoti kwenye sakafu nyeusi, karatasi mbele yake, na kalamu ya René. Aliandika kwa herufi zile kubwa za michoro, moja moja, kwa kuwa nyingine hakuzijua. Pembeni mwa karatasi, bila kufikiri, aliacha upana wa kidole.

GEORGETTE MDOGO WANGU, aliandika. MIMI NI FATOUMA WA ILE BOTI ILIYOLALA NDANI YA NYUMBA. NATAFUTA MTU WA KUSHIKA UZI. KWANZA NIKUELEZE VISIVYOKUWEPO.

Akaeleza. Hakuna kiti. Hakuna mahali pa kulia ila hapa juu. Wanaume hawatakutukana, watacheka, na wanawake hawatacheka, watanyamaza, na hilo la pili ni gumu zaidi. Anayetaka kukuoa huenda akatuma hamali. Watakupa kazi kwa sababu wamekosa mwingine, wala hawatakuficha. Mimi mwenyewe wamenichukua hivyo, na mpaka leo sijasikia neno jingine.

Hapo aliinua kalamu. Chini, mtu mmoja aliangusha nyundo, mwingine akamtania kwa Kilingala, wakacheka. Fatouma akangoja kimya kirudi, akaendelea.

KILICHOPO NI HIKI. UKIPIGA MSTARI, UNABAKI. BOTI INAONDOKA, WEWE UNAJUA ILIANZIA WAPI. HAPA DESTURI NI KWAMBA MMOJA ANAPIGA NA MWINGINE ANASHIKA SIKU ZOTE. SISI TUTAPIGA KWA ZAMU. JETON YANGU NITAICHUKUA SIKU UKIWA NA YAKO. USIPOKUJA SITAKASIRIKA, ILA NIJIBU, HATA NENO MOJA. YAYA YAKO.

Aliisoma tena, akaona hakuna utamu ndani yake, wala hakuuongeza. Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu, kwa hiyo alichukua kipande cha fufu, ugali wa muhogo, kilichobaki kwenye kibakuli cha chakula chake, akakilainisha kwa maji, akapaka kwenye ukingo wote na kuubana kwa kidole gumba, akisogea polepole, kama mtu anayelaza mshono. Akaiwekea jeton juu yake ili ikauke bila kufunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kuigusa shaba ile. Ilipokauka akairudisha jeton kwenye benchi.

Alasiri ile meli ya kushuka Yangambi na Isangi ilikuwa bandarini ikipakia. Fatouma alipita katikati ya magunia ya mchele na wanawake wenye vitunga vya kuku, akafika ukingoni. Mbele ya meli palikuwa pamefungwa tishali kuukuu lililopauka, lenye makovu ya moto kwenye kila kiungo mahali lilipopunguzwa. Alilitambua kabla ya kusoma namba. Kanzu lilikuwa limejaa mzigo mpaka karibu na maji, na halikuvuja.

Karani wa meli, mzee wa Yanonge mwenye koti la kaki, aliuliza barua inakwenda kwa nani. Fatouma akamtajia jina la Georgette, na nyumba ya karibu na kanisa la misheni. Mzee akaipokea, akaipapasa mshono wake wa fufu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imefungwa vizuri hii," akasema. "Ya harusi?"

"Ya kazi, papa."

Mzee akamtazama mara moja tu, kisha akaitia barua katika mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo.